Vazi Lisemalo na Jukwaa Lisilosoma

Tangu mwaka 2014, jiji la Ho Chi Minh nchini Vietnam huadhimisha tamasha la áo dài, kanzu ndefu iliyopasuliwa pande mbili kuanzia kiunoni na kuvaliwa juu ya suruali. Asili yake hurejeshwa hadi mwaka 1744, mtawala Nguyễn Phúc Khoát alipowaamuru raia wake wa kusini kubadili mavazi. Umbo la kisasa likatokana na michoro ya Nguyễn Cát Tường, msanii wa Hanoi, katika miaka ya 1930. Jukwaa linalifaa vazi hilo, maana uzuri wake umo katika mkato: hushonwa kwa kipimo cha mvaaji, na hukamilika anapotembea.

Dar es Salaam nayo ina jukwaa lake. Swahili Fashion Week, iliyoasisiwa na mbunifu Mustafa Hassanali mwaka 2008, imewatoa wabunifu wa Afrika Mashariki vyumbani mwao na kuwaweka mbele ya macho ya watu. Hilo halina ubishi. Suali ni jingine: kanga ikipandishwa jukwaa la namna hiyo, hufika ikiwa ingali kanga?

Kanga ni mstatili usiokatwa. Ina pindo, mji na jina. Mpenzi wa ushairi hatakosa kuuona ubeti hapo: pindo huzunguka mfano wa vina, mji hubeba kiini, na jina hukaa chini mfano wa kituo. Chukua methali "Wema hauozi", yenye mizani sita tu. Akiitoa aliyesaidiwa kumpa msaidizi wake, ni shukrani. Akijifunga aliyesahauliwa na watu aliowafaa, kisha akapita mlangoni mwao, maneno yale yale huwa lawama. Mizani haikubadilika, amebadilika mvaaji na njia aliyoishika. Kumbe kanga husomwa kamili pale tu anapojulikana aliyeivaa na anayeambiwa.

Mkasi wa mbunifu hupita penye jina hasa. Gauni likishonwa, herufi tatu husalia begani na mbili hupotea katika mkunjo. Rangi hupona, na ukumbi huushangilia ubeti ulionyang'anywa kituo.

Atakaye kulipima jambo hili asiishie pwani, bali afike Kibakwe, wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa kabla ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo. Katika karne ya 19 watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa nguo, merikani na kaniki zikiwamo. Kitambaa kilikuwa sarafu kama kilivyokuwa vazi. Kanga ilikuja kushika njia hizo hizo za biashara, ikabeba na Kiswahili ndani yake. Huko bara, doti moja hugawanywa: upande mmoja hufungwa kiunoni, wa pili humbeba mtoto mgongoni. Kanga hupelekwa kwa mzazi, arusini na matangani, na anayeipokea hutazama jina. Kijiji kisicho na jukwaa hakikosi wasomaji.

Itasemwa kuwa nguo haina budi kubadilika. Ni kweli, na kanga yenyewe ni mwana wa mabadiliko: husimuliwa kwamba ilianza kwa leso za mraba zilizoungwa pamoja, baadaye ikatiwa maandishi ya Kiarabu, na hayo yakazipisha herufi za Kilatini. Lakini mabadiliko hayo yaliiongezea kanga kauli au yaliitunza. Mkasi unaipunguzia.

Vietnam inalo funzo jingine, lifaalo zaidi kuliko mkato. Mafundi wa mji wa Huế hutengeneza kofia iitwayo nón bài thơ, ambayo baina ya tabaka zake za majani hufichwa maneno ya shairi. Ikielekezwa kwenye mwanga, maneno hudhihiri. Tamasha litakaloiheshimu kanga nalo litafute mwanga wake. Doti ivaliwe nzima, jina lisomwe kwa sauti, aelezwe nani alimpa nani na kwa sababu gani. Malenga nao wakae ukumbini, na kila jina lipitalo walijibu kwa ubeti.