Mtumba, Kafa Ulaya na Caguwa: Uhakiki wa Vazi na Mvaaji

Wahakiki wa fasihi yetu wamezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui. Mgawanyo huo, ambao kila mwalimu wa Kiswahili ameutumia darasani, ni nadra kutumiwa kulisoma jambo lililo karibu zaidi na mwanafunzi kuliko riwaya au tamthilia, nalo ni nguo aliyoivaa. Ilhali vazi nalo lina fani yake: kitambaa, mkato, mshono na rangi, tena lina maudhui: yale ambayo mvaaji anayasema mbele ya wenziwe pasipo kufungua kinywa. Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki mavazi yaliyokwisha kuvaliwa ng'ambo kisha yakaletwa kwetu. Swali letu ni moja: je, mtu anayejivika nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wa mwingine aweza kuwa na mtindo ulio wake mwenyewe?

Swali hili si la mapambo tu. Katika insha za shule hukumu hutolewa upesi: mtumba ni fedheha, mtumba ni utumwa wa mawazo, mvaa mtumba hana utamaduni. Mara nyingi mkono unaoiandika hukumu hiyo umetokeza katika shati la mtumba. Hivyo mwanafunzi hujifunza kujidharau kwa sarufi sanifu, naye hupewa alama nzuri. Twaona kwamba ni wajibu wa mwalimu kumwonesha njia nyingine ya kulisoma shati lake.

Tuanze na majina, kwa kuwa kazi yetu ni lugha. Jina la kwanza ni mtumba, yaani mzigo uliofungwa, robota. Jina hili humtazama mchukuzi na mfanyabiashara. Ndani yake nguo ni shehena tu, haijapata sura wala mwenyewe. Jina la pili ni kafa Ulaya, lililotumiwa na baadhi ya wasemaji nchini Tanzania. Hili humtazama mtoaji, nalo huifanya nguo kuwa mirathi ya marehemu asiyejulikana. Dhana hiyo ingali hai. Mwezi Agosti 2023, alipokuwa Mbale kufungua viwanda, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitangaza vita dhidi ya mivumba, kama nguo hizo ziitwavyo huko, akisema kuwa ni nguo za wafu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya nguo hizo hutolewa na watu walio hai, wanunuao kupita haja yao, wakazikabidhi kwa mashirika ya hisani. Nayo mashirika huziuza nyingi kwa wafanyabiashara wa kuzichambua na kuzifunga. Kinachosafiri katika robota ni ziada ya walio hai kuliko mirathi ya waliokufa.

Jina la tatu ndilo linalotupendeza zaidi. Nchini Rwanda nguo hizo huitwa caguwa, herufi c ikitamkwa kama ch yetu. Neno hilo limetoka katika kitenzi chetu cha kuchagua. Zambia nao, kwa Kibemba, wakasema salaula, maana yake kupekua rundo na kuteua. Majina haya mawili hayataji mzigo wala maiti. Yanamtaja mnunuzi na kile anachokifanya kwa macho na vidole vyake: hushika kitambaa, hugeuza bitana, huhesabu vifungo, huinua nguo kwenye mwanga, huiacha, huchukua nyingine. Hapo ndipo mtindo unapozaliwa. Hakika, mnunuzi wa duka la nguo mpya huchagua miongoni mwa nguo ambazo mwingine amekwisha kumchagulia kwa msimu ule. Mnunuzi wa rundo hukuta koti la miaka ya 1970 limelala juu ya sketi ya mwaka juzi, wala hakuna wa kumwambia kipi kiende na kipi. Jicho lake ndilo mwongozo wake.

Wapinzani watatukumbusha methali: nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii hunukuliwa mno katika mjadala huu, lakini tunaona kwamba hunukuliwa vibaya. Kitenzi kilichobeba uzito ni kuazima. Aliyeazima hana amani, kwa maana mwenye nguo aweza kuja kuidai hadharani. Aliyenunua sokoni hadaiwi na mtu. Nguo ni yake, aweza kuikata, kuitia viraka au kuipindua. Hata hivyo methali haijaisha nguvu. Yuko anayeazima kitu kizito kuliko nguo: anaazima jicho. Huyo huvaa kile tu alichokiona kimevaliwa na fulani, awe mwimbaji au tajiri wa mji mkuu. Nguo yake yaweza kuwa mpya na ya ghali, na bado haimsitiri.

Lipo pia suala la asili, na hapa kasumba hujificha pande zote mbili. Wengine hudhani vazi la asili ni lile ambalo kitambaa na mkato wake havikutoka nje kamwe. Tulinganishe mavazi mawili ya nchi jirani. La kwanza ni gomesi la Uganda. Lilishonwa mwaka 1905 na fundi Mgoa, Caetano Gomes, kwa ajili ya wanafunzi wa shule ya wasichana ya Gayaza. Jina la fundi limo katika vazi mpaka leo. Na jina lake jingine, bodingi, latokana na neno la Kiingereza la shule ya bweni. Fundi mgeni, shule ya misheni, kitambaa cha dukani: lakini nani leo atamwambia bibi wa Kiganda, aliyefunga ukanda wake mpana kwenda arusini au matangani, kwamba vazi lile si la kwao? Wanawake walilichagua, wakalipa adabu na mahali pake.

Vazi la pili ni abacost la Zaire. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970 utawala wa Mobutu, kwa jina la kurudi kwenye asili, ulipiga marufuku suti na tai, ukawaagiza wanaume wavae koti lisilo na tai. Jina lake limefupishwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuiangusha suti, na mkato wake ulifanana na koti la Mao Zedong wa China. Lilihubiriwa kama asili, lakini halikuchaguliwa na wavaaji. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1990, likaanza kutoweka. Vijana wa Kinshasa walikuwa wamekwisha kuipinga amri hiyo kwa suti za wabunifu wa Ulaya na Japani, wakiongozwa na mwimbaji Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu huko Kasai. Twausifu ujasiri wao, pamoja na kanuni yao ya kupatanisha rangi. Lakini pale ambapo sifa ya mvaaji ilitegemea jina lililoandikwa ndani ya kola, walikimbia amri moja wakaingia katika nyingine.

Basi asili ya mtindo haikai katika chimbuko la kitambaa. Inakaa wapi? Sisi tunaitafuta katika mji mdogo. Katika mji mkuu mtu huvaa mbele ya wageni; katika mji mdogo huvaa mbele ya watu wanaomjua baba yake. Nguo husomwa huko kwa makini. Shati lililovaliwa Jumapili hukumbukwa Jumapili ya pili. Shangazi husema wazi kwamba rangi ile inakupausha. Mji pia una hali yake ya hewa na kazi zake, navyo huhakiki pasipo upendeleo. Koti zito la sufu lenye manufaa asubuhi za baridi huko Kabale, katika milima iliyo karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari, ni adhabu kwa mvaaji wa Jinja kando ya ziwa, asipolipeleka kwa fundi likapunguzwa mikono na kutolewa bitana.

Huyo fundi wa barazani, na cherehani yake ya kukanyaga, ndiye mshiriki wa pili katika utunzi. Wachuuzi wa Nairobi huziita nguo za chaguo la kwanza kamera, na masalio ya mwisho huyaita fagia. Mwenye fedha kidogo huondoka na fagia, lakini safari ya nguo haijakoma. Fundi hupindua kola iliyochakaa, hupunguza kiuno, huongeza kipande cha kitenge kilichobaki katika gauni la mama pale kwapa lilipochanika. Vazi linalotoka hapo halikukusudiwa na kiwanda chochote. Fani yake ni ya watu watatu, lakini maudhui ni ya mmoja.

Yupo msanii aliyeifanya kazi hii ijulikane mbali. Mbunifu Bobby Kolade, aliyelelewa Kampala na kusomea ushonaji Berlin, alianzisha jina la Buzigahill, na mwaka 2022 akatoa mkusanyo ambao jina lake lina maana ya kumrudishia mtumaji mzigo wake. Huchukua nguo za soko la Owino, huzifumua, huziunga upya, kisha huziuza katika nchi zile zilikotoka. Wazo lina kejeli kali na mishono imejaa uvumbuzi. Ziada iliyotupwa humrudia mwenyewe ikiwa na bei. Upungufu tunaouona ni katika hadhira. Vazi linamsemesha mtumaji wa Ulaya kuliko jirani wa Kampala, na bei yake si ya jirani huyo. Fundi wa barazani hufanya jambo la kindugu na hilo kwa gharama ndogo, na hadhira yake ni mtaa.

Hatusahau kiwanda. Jinja ilikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo tangu miaka ya 1950, na hakuna mwalimu atakayefurahi kuona pamba yetu ikisafirishwa ghafi huku shati likirudi limevaliwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa biashara hii hatua kwa hatua, na Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Huo ni mjadala wa haki kati ya mataifa, na unastahili nafasi yake. Ila serikali, hata ikiwa na hoja njema, yaweza kuamua kitakachopita mpakani; haiwezi kumchagulia mtu namna ya kuwa yeye. Abacost ni ushahidi.

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi moja. Kila mwanafunzi alete nguo moja aipendayo, mpya au kuukuu, aieleze kwa Kiswahili fasaha: kwanza fani yake, akitumia maneno pindo, bitana, darizi, mshono na kiraka, ambayo wengi hawayajui, kisha aseme ni nani aliyeichagua, kwa nini, na fundi gani aliigusa. Mwalimu aanze na nguo yake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo mada ya insha juu ya mtumba iandikwe ubaoni.