Mficha Uchi Hazai, Ila Mpeni Pa Kujistiri

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina mwongozo wa maabara wa kuchunguza na kuandaa shahawa. Toleo la kwanza lilitoka 1980, la sita 2021, na maabara za uzazi duniani kote huurejea. Ni bure mtandaoni, kwa hiyo hata wewe usiye daktari unaweza kuushusha ukausoma. Leo nataka tuutazame kwa jambo moja tu: hiyo sampuli inapatikanaje?

Tuupe kwanza haki yake. Mwanaume ajizuie kutoa shahawa kwa siku 2 hadi 7. Ajichue, na shahawa yote iingie kwenye kikopo safi chenye mdomo mpana, cha plastiki iliyohakikiwa kwamba haidhuru mbegu. Isipate baridi wala joto kali: ibaki kati ya nyuzi 20 na 37 za Selsiasi. Uchunguzi uanze ndani ya saa moja. Unaweza kudhani ni mbwembwe za wataalamu, lakini kila sharti lina sababu yake. Sehemu ya kwanza kutoka ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi. Ikimwagika hiyo, hesabu yote imeharibika. Ndiyo maana mwongozo unataka mwanaume aulizwe kama kuna iliyopotea.

Sasa hapo ndipo ninapobishana nao. Swali hilo linataka jibu la kweli, na mtu aliyeaibishwa halitoi. Kuhusu faragha, mwongozo unasema kiwepo chumba cha siri karibu na maabara, basi. Hebu mpe mtu kikopo mbele ya foleni, mwelekeze choo kinachogongwa kila dakika, halafu muulize dirishani kama imemwagika. Atasema "hapana, iko sawa" na kuondoka zake. Mtaalamu atahesabu kwa ustadi wote na kuandika namba isiyo ya kweli. Faragha ni sehemu ya kipimo, sawa na darubini. Lakini mwongozo una kurasa nyingi za kuhakiki ubora wa hesabu, na maneno machache tu kuhusu chumba.

Halafu wapo ambao kujichua kwao ni dhambi. Njia nyingine ipo: kondomu maalumu isiyodhuru mbegu, inayovaliwa wakati wa tendo la ndoa. Mwongozo unaitaja, lakini kama njia ya hali za kipekee. Huku kwetu imani si hali ya kipekee. Mtu asipoelezwa mapema atabuni mwenyewe. Atanunua kondomu ya kawaida, ambayo ina vitu vinavyodhoofisha mwendo wa mbegu, au atachomoa ili akinge na kikopo, na ile sehemu ya kwanza ipotee.

Na pale ambapo mbegu hazitoki kabisa? Aliyeumia uti wa mgongo anaweza kusaidiwa na kifaa cha kutetemesha uume, au kwa umeme kidogo unaopitishwa kwenye njia ya haja kubwa. Wengine daktari huwafyonza mbegu kwa sindano, au huchukua kipande kidogo cha korodani. Tangu 1992, watafiti wa Brussels waliporipoti mimba zilizopatikana kwa kuingiza mbegu moja moja ndani ya yai, hata mbegu chache zinaweza kutosha. Mwongozo unaeleza vizuri maabara ifanye nini tishu ikishafika. Mwenye tishu hapewi nafasi kubwa.

Utasema: ni kitabu cha maabara, si cha ushauri nasaha. Sawa, lakini ni chenyewe kinachoandika maelekezo ya kumpa mwanaume huyo. Kimeshaingia kwenye mazungumzo, basi kiyamalize.

Tena kuna lile jedwali la viwango: jumla ya mbegu milioni 39, zinazotembea asilimia 42. Viwango hivyo vimetokana na wanaume wapatao 3,500 wa nchi 12, ambao wenza wao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja. Ni mstari wa asilimia 5 ya chini ya kundi hilo, na Afrika kusini mwa Sahara haimo. Mwongozo wenyewe unaonya kwamba mstari huo hautenganishi anayeweza kuzaa na asiyeweza. Tatizo ni kwamba onyo limekaa ndani ya aya, na watu husoma jedwali.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wengi humtupia mwanaume methali hiyo anaposita kupimwa. Akikimbia kipimo, anayebaki na jina la tasa ni mkewe, ingawa tatizo la upande wa mwanaume huchangia karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto. Kwa hiyo ukitumwa kupima, au ukimsindikiza mwenzio, uliza mapema: chumba kiko wapi? Kikopo mnanipa nyinyi? Kondomu maalumu mnazo? Na jibu likiwa baya, narudia lini? Sampuli moja haitoshi kumhukumu mtu, na hilo mwongozo umelisema sawasawa.