Kadi na Soko: Ugavi wa Chakula katika Umoja wa Kisovieti, 1941–1947

Mwezi Julai 1941, wiki chache baada ya uvamizi wa Ujerumani, serikali ya Kisovieti ilianzisha kadi za mgao wa chakula Moscow na Leningrad, kisha ikazieneza katika miji mingine. Hata hivyo, masoko ya wakulima wa kolkhozi, yaani mashamba ya ushirika, ambako bei ilitokana na mapatano ya muuzaji na mnunuzi, hayakufungwa. Wengi huliona jambo hilo kuwa ni kuufumbia macho ulanguzi, ilhali utaratibu wenyewe ukichunguzwa unaonesha kwamba soko lilikuwa nusu ya pili ya mgao.

Mwanzoni mfanyakazi wa kiwandani alistahili gramu 800 za mkate kwa siku, wa ofisini 600 na mtegemezi 400, kwa bei iliyokaribia ile ya kabla ya vita. Muuzaji alikata kuponi kwa mkasi, akapima mkate, akaongeza kijipande mpaka mizani ikakaa sawa, na baadaye kuponi zote zikabandikwa kwa gundi kwenye karatasi ili zihesabiwe dhidi ya mkate uliotoka. Udhibiti wa namna hiyo, wenye kuchosha kwelikweli, uliwezekana kwa mkate. Kuponi za nyama na mafuta mara nyingi zilikosa bidhaa. Viazi na maziwa viliachiwa soko, na kwa kuwa mkulima, ambaye hakuwa na kadi, alijibebea gunia lake mwenyewe, serikali iliokoa malori na mabehewa yaliyohitajika vitani. Gharama ilimwangukia mnunuzi: kufikia 1943 bei za sokoni zilikuwa zimepanda zaidi ya mara kumi, na asiye na fedha alitoa nguo zake.

Bila wakulima soko halikuweza kuongeza chakula: Leningrad iliyozingirwa, ambako kati ya 20 Novemba na 25 Desemba 1941 mgao ulishuka hadi gramu 250 kwa wafanyakazi wa viwandani na 125 kwa wengine wengi, haikuwa na mashamba ya kutosha ya kuilisha, hivyo ubadilishanaji wa mitaani uliuhamisha mkate uleule bila kuuongeza.

Fedha za mauzo ya sokoni zilizorundikana vijijini zilianza kurudishwa serikalini Aprili 1944, serikali ilipofungua maduka ya biashara yaliyouza bila kadi kwa bei za juu. Desemba 1947 kadi zilifutwa sambamba na mabadiliko ya sarafu, ambapo noti za mkononi zilibadilishwa kumi kwa moja, na mkulima aliyehifadhi mapato ya soko nyumbani akapoteza sehemu kubwa ya akiba yake.