Wimbo Usio na Mpinzani: Ubora wa Data katika Uhakiki wa Nyimbo za Mashindano ya Ngoma Bariadi, Simiyu

Ikisiri

Makala haya yanahoji maana ya "data bora" katika utafiti wa fasihi simulizi, kwa kurejelea nyimbo za mashindano ya ngoma za Wasukuma wa Bariadi na mkoa wa Simiyu kwa jumla. Hoja kuu ni kwamba ubora wa data haupimwi kwa wingi wa nyimbo wala kwa usafi wa sauti iliyorekodiwa, bali kwa uwezo wa data hiyo kumkana mchanganuzi wake. Wimbo ulionukuliwa bila mpinzani wa mwimbaji, bila lahaja yake na bila matini ya Kisukuma hauna uwezo huo.

1.0 Utangulizi

Katika sura ya tatu ya tasnifu nyingi za fasihi simulizi, msomaji hukutana na maelezo yanayofanana: eneo la utafiti, sampuli, usaili, ushuhudiaji, majadiliano ya vikundi, kisha huelezwa kuwa data ilikusanywa, ikanukuliwa, ikatafsiriwa kwa Kiswahili na kuchanganuliwa kwa kuongozwa na nadharia fulani. Vitenzi hivyo vinne hupangwa mfululizo kana kwamba vinataja kazi za karani. Kwa hakika, kila kimoja ni uamuzi wa kihakiki. Anayeamua wimbo uanzie wapi na uishie wapi, nani anukuliwe na nani aachwe, neno gani la Kiswahili lisimame mahali pa neno gani la Kisukuma, amekwishaanza kuuhakiki wimbo huo kabla hajafika sura ya nne.

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Kauli hiyo hurejelewa mara kwa mara katika sehemu za utangulizi, lakini mara nyingi haifiki uwandani. Mtafiti hukiri kuwa fasihi simulizi ni tukio, kisha hurudi chuoni na orodha ya matini. Makala haya yanachunguza gharama ya pengo hilo kwa kutumia mfano wa nyimbo za mashindano, ambazo muundo wake wenyewe unaukataa utaratibu wa orodha.

2.0 Mahali na Lugha ya Mahali

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha wilaya zilizokuwa za mkoa wa Shinyanga na eneo la Busega lililotoka mkoa wa Mwanza. Mipaka hiyo ya kiutawala ni michanga. Mipaka ya lugha ni mikongwe zaidi na haifuatani nayo. Wasukuma wenyewe hujitofautisha kwa pande za dunia: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Eneo la Bariadi ni la Ntuzu, na lahaja yake huitwa Ginantuzu.

Jina hilo linatosha kuwa onyo la kwanza kwa mtafiti. Kiambishi cha ngeli kinachounda jina la lugha hutamkwa ki- katika Kimunasukuma, gi- katika Ginantuzu na ji- katika Jinakiiya. Tofauti hiyo ndogo ni ushahidi. Nyimbo za ngoma husafiri: hutungwa upande mmoja na kuimbwa upande mwingine, na umbo la kiambishi linaweza kuonyesha wimbo umetoka wapi au mwimbaji anamwiga nani. Mtafiti msaidizi ambaye lahaja yake ni nyingine, akinukuu kwa nia njema na "kusahihisha" matamshi ya mwimbaji, anafuta ushahidi huo. Aisomaye matini iliyosahihishwa hawezi tena kujua kwamba kulikuwa na swali la kuulizwa.

3.0 Nusu ya Mazungumzo

Jamii za ngoma za Wasukuma zimegawanyika tangu karne ya 19 katika pande mbili kuu zinazoshindana: Bagika na Bagalu. Mapokeo yanazihusisha na waganga na wacheza ngoma wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Mashindano hufanyika hasa baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huwa huru kuhama. Mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Kwa hiyo hadhira si shahidi tu. Ndiyo hakimu, na hukumu yake huitoa kwa miguu.

Katika mazingira hayo, wimbo ni jibu kwa wimbo wa upande wa pili, au ni uchokozi unaosubiri jibu. Majigambo, matusi, tuhuma na sifa humlenga mtu aliye umbali wa hatua chache. Mtafiti anayerekodi kundi moja tu, hata kwa kifaa cha bei kubwa, anarudi na nusu ya mazungumzo. Hali huwa mbaya zaidi pale kundi linapoombwa kuimba mchana, nje ya msimu, mbele ya mgeni aliyeletwa na mtendaji wa kijiji. Utaratibu wa vibali una sababu zake nzuri: barua hutoka chuoni kwenda kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka wilayani, kwenye kata na hatimaye kijijini. Lakini mwimbaji anayemwona mtafiti akifuatana na kiongozi wa serikali ana haki ya kuchagua nyimbo zisizomdhuru. Atachagua za kilimo, za elimu, za kuhimiza maendeleo. Mchanganuzi akihitimisha kuwa dhima kuu ya nyimbo za Wasukuma ni kuhimiza maendeleo, hajaueleza utamaduni wa Ntuzu. Ameeleza safari ya barua yake.

Jambo hili si geni katika historia ya utafiti wa Usukuma. Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliacha nyaraka nyingi ambazo sasa zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake kuhusu sheria na mila za Wasukuma kilichapishwa mwaka 1953. Kazi hiyo ina thamani, lakini hakuna mwanahistoria makini anayeisoma bila kukumbuka nani aliuliza maswali na kwa ajili ya utawala gani. Tahadhari tunayoielekeza kwa Cory tunapaswa kuielekeza pia kwenye tasnifu zetu.

4.0 Herufi, Toni na Neno Moja

Kisukuma kina irabu saba. Tahajia ya Kiswahili ina herufi tano za irabu. Kisukuma ni lugha ya toni, na tangu kazi ya Irene Richardson ya mwaka 1959 inajulikana kuwa toni ya juu yaweza kusikika kwenye silabi za mbele, mbali na silabi inayoimiliki kimsingi. Anayenukuu wimbo wa Kisukuma kwa tahajia ya Kiswahili peke yake anaunganisha maneno ambayo mwimbaji aliyatenganisha, na anapoteza uwezo wa kuuliza namna mahadhi yanavyofuata au kuvunja toni ya usemi. Basi mjadala wa mizani, takriri na mchezo wa sauti unaofanywa juu ya nukuu hiyo ni mjadala kuhusu tahajia.

Hasara kubwa zaidi hutokea katika tafsiri. Tuchukue neno moja, bugota, lenye maana ya dawa. Wacheza ngoma wa Usukuma hutumia dawa za kuvuta watu, na kujigamba kuwa una dawa kali kuliko ya mpinzani ni sehemu ya kanuni za mchezo. Uganga ni bufumu. Uchawi ni bulogi. Kisukuma kinatenganisha mambo haya matatu. Mfasiri mwenye haraka anapoandika "uchawi" mahali pa bugota, amelitoa jigambo kutoka katika sanaa na kuliingiza katika jinai. Ikiwa mpinzani aliyelengwa na jigambo hilo naye hayumo katika data, hakuna kinachobaki cha kumzuia mchanganuzi asiandike kuwa wimbo huo "unadhihirisha imani ya jamii katika uchawi".

Hitimisho kama hilo si dogo. Simiyu ni miongoni mwa maeneo ya kanda ya ziwa ambako wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na Tanzania ina Sheria ya Uchawi iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Kuisemea jamii nzima kwa ushahidi wa wimbo uliokatwa ni kuongeza sauti ya kitaaluma katika tuhuma. Huenda imani hiyo ipo na nyimbo zinaibeba. Lakini hilo lithibitishwe na data ambayo ingeweza kuonyesha kinyume chake.

5.0 Kuelekea Data Inayoweza Kumkana Mchanganuzi

Ipo mifano ya kuigwa. Tasnifu ya Elias Songoyi ya mwaka 1988 kuhusu msanii na dola iliwachagua waimbaji wawili tu, Kalikali na Mwinamila. Kwa kuwa inawahusu watu mahususi katika uhusiano mahususi na mamlaka, msomaji anaweza kuuliza: je, huyu mwimbaji alikuwa na sababu gani ya kusema hivi wakati ule? Kwa upande mwingine, kitabu cha Frank Gunderson kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, kilichochapishwa mwaka 2010, kina nyimbo zaidi ya 300, lakini wingi huo umeambatanishwa na maelezo ya historia na watu wake. Kazi hizi mbili hazifanani kwa ukubwa wa sampuli. Zinafanana kwa kuuacha mlango wazi kwa msomaji anayetaka kubisha.

Kutokana na mjadala huu, mambo matatu yanaweza kudaiwa kwa mtafiti wa nyimbo za mashindano. Kwanza, kipimo cha data kiwe shindano, si wimbo: pande zote mbili, mpangilio wa kupokezana, na mwendo wa umati. Pili, matini ya Kisukuma itangulie, katika lahaja yake na kwa alama zinazotenganisha irabu saba, ifuatwe na maana ya neno kwa neno, ndipo ije tafsiri ya Kiswahili. Tatu, nukuu na tafsiri zirudishwe kwa waimbaji wa pande zote mbili, na pale wanapotofautiana tofauti hizo zichapishwe, zisifichwe.

Inaweza kupingwa kuwa madai haya ni mazito kwa mwanafunzi wa uzamili mwenye fedha kidogo na muda mfupi. Pingamizi hilo lina ukweli, lakini jibu lake ni kupunguza idadi. Shindano moja lililonukuliwa kikamilifu lina faida kuliko nyimbo 50 zisizo na wapinzani. Inaweza pia kusemwa kuwa kuwataja waimbaji kunakinzana na maadili ya kuficha utambulisho wa watafitiwa. Hapa uhakiki wa fasihi hauna budi kutofautiana na utafiti wa hojaji. Mtunzi wa wimbo ni msanii, na kumficha bila kumuuliza ni kumnyang'anya kazi yake. Aulizwe, na pale wimbo unapobeba tuhuma zinazoweza kumdhuru yeye au mwingine, jina lifichwe na sababu ya kulificha ielezwe.

6.0 Hitimisho

Nadharia haiwezi kurejesha kilichopotezwa uwandani. Umitindo, ufeministi au simiotiki vikitumiwa juu ya matini iliyokatwa vitatoa majibu, maana nadharia haikosi la kusema; lakini majibu hayo hayatakuwa na wa kuyapinga. Mwimbaji wa Bariadi hapewi ushindi kwa kuimba peke yake. Hupewa kwa sababu upande wa pili wa uwanja ulikuwapo, ukajibu, na umati ukachagua. Uhakiki wetu unastahili kupimwa kwa kanuni hiyohiyo.