Mteremko wa Didia: udongo ulivyochagua miti yake

Anayetaka kuuelewa msitu wa Usukumani asianzie kwenye miti. Apande kwanza juu ya mawe ya granaiti, kisha ashuke taratibu hadi mbugani akiangalia chini. Kwenye maeneo kama Didia, kusini mwa mji wa Shinyanga, matembezi ya nusu saa yanampitisha kwenye udongo wa aina tatu au nne, na kila aina ina miti yake na kazi yake.

Kaskazini mwa Ulaya na Marekani, tabaka nene za barafu zilisaga miamba na kuimwaga upya kama kifusi, nyingine zikiyeyuka miaka kama elfu kumi tu iliyopita. Misitu ya huko ya mbao ngumu bado inafuata mipaka ya kifusi hicho. Kwetu hakuna kifusi. Granaiti ya Shinyanga ina umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu, na mafundi wake wamekuwa jua, mvua na mteremko.

Mvua ikipiga, chembe nzito za mchanga hubaki juu. Wasukuma huuita udongo huo luseni: mwepesi, unalimika hata kwa jembe la mkono, unafaa karanga, viazi vitamu na mihogo. Mfinyanzi na chumvi huteremka na maji. Katikati ya safari, chumvi ya sodiamu huuvuruga mfinyanzi, nao unaziba vitundu vyote vya udongo. Hapo ndipo penye itogolo na ibambasi, ardhi inayokauka ikawa kama sakafu ya saruji. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nyufa zake hukata mizizi, kwa hiyo miti mingi mikubwa haina maisha pale. Migunga inavumilia. Mtundu na mninga huwezi kuikuta humo. Miti hiyo inataka ardhi isiyotuamisha maji.

Ile itogolo ambayo mgeni angeiita ardhi mbovu ndiyo yenye majaluba. Kwa kuwa maji hayapenyi, mkulima huinua matuta, huyanasa yale yanayotiririka kutoka juu, na kupanda mpunga kwenye nchi inayopata mvua ya milimita 600 hadi 800 tu kwa mwaka. Kasoro ya udongo imegeuzwa kuwa bwawa. Sijui ufundi wa kilimo ulio mwerevu kuliko huo.

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani huko Usambara, aliupa mpangilio huu wa mteremko jina la catena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Leo linafundishwa vyuoni dunia nzima. Wakulima walikuwa tayari na jina la kila pingili.

Miti ndiyo iliyopata taabu. Tangu miaka ya 1920, watu kwa maelfu walifyeka vichaka vya Shinyanga kupambana na mbung'o, kazi iliyoongozwa na C.F.M. Swynnerton. Pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka, halafu miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini na familia zikaacha ngitili zao, yale malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 upepo ulikuwa unapeperusha vumbi palipokuwa na miti.

Serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu na miche, mingine ya kigeni. Mimi naona kosa la njia hiyo lilikuwa la kiudongo kabla ya kuwa la kijamii: mche wa kitaluni una mizizi ya kiganja kimoja, na ukiutia kwenye itogolo unagonga sakafu kiangazi cha kwanza. Kisiki cha mgunga kilichokatwa hakina shida hiyo. Mizizi yake ilishapata njia zamani. Kinachokikwamisha ni mbuzi na shoka tu.

Kwa hiyo mkazo ukahamia kwenye kufunga ngitili. Dagashida, baraza la jadi, lilipanga mipaka na faini, sungusungu wakalinda. Machipukizi yaliyoachwa misimu michache yakawa vichaka, na ng'ombe walioruhusiwa kuingia kiangazi wakala maganda ya migunga na kusambaza mbegu kwa kinyesi chao. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta zipatazo 600 mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 kufikia mwaka 2004.

Hekta hizo hazifanani. Ngitili ya mlimani hutoa fito na kuni mapema, ya mbugani hutoa nyasi nyingi na miti mifupi yenye miiba, na ile iliyofungwa juu ya ibambasi yenye chumvi kali inaweza kukaa miaka na mabaka yake meupe bila jani. Mwenye ngitili hapo haongezi miche. Anazungushia miiba, anasubiri nyasi zishike kwanza.