Mafunzo na Vifaa vya Paramota: Nini Kikaguliwe Kabla ya Kulipa

Kijana wa Nyasho, mjini Musoma, akisema anataka kuruka na paramota, swali la kwanza atakaloulizwa ni bei ya injini. Ni swali la kuja mwisho. Anayetaka kujua kama mafunzo na vifaa vina thamani ya pesa yake aanze na mwalimu, kisha bawa, na injini ifuate.

Rubani wa paramota hubeba mgongoni injini yenye rafadha, uzito wa kilo 25 hadi 30 hivi, na yeye huning'inia chini ya bawa la kitambaa. Hukimbia hatua kadhaa, hupaa, kisha huenda kilomita 40 hadi 60 kwa saa. Mpiga picha Mmarekani George Steinmetz aliitazama Afrika kutoka kwenye chombo cha aina hiyo, na picha zake zikatoka katika kitabu African Air mwaka 2008.

Mwalimu mzuri humchelewesha mwanafunzi ardhini. Humpa bawa bila injini, amwache alipandishe, aliangushe na kulipandisha tena katika upepo mwanana, mpaka aweze kulituliza juu ya kichwa huku akitazama kwingine. Huongea naye kwa redio anaporuka mara za kwanza. Mwombaji aende kutazama somo siku ambayo upepo umechafuka: mwalimu anayekunja mabawa na kufundisha hali ya hewa chini ya mti anastahili ada yake. Anayeahidi kumrusha mtu peke yake siku hiyohiyo aachwe. Iten, nchini Kenya, marubani huruka bila injini juu ya Bonde la Kerio. Kuanzia huko ni akili, maana mkono unalizoea bawa kabla ya kelele kuingia.

Bawa la mwanafunzi liwe la daraja A katika vipimo vya Ulaya vya EN. Likiwa limetumika, rangi isimdanganye mnunuzi. Jua la Ziwa Victoria hula nailoni hata pale rangi inapong'aa, basi adai karatasi ya ukaguzi inayoonyesha kitambaa kinapitisha hewa kiasi gani na kamba zilivutwa kwa nguvu gani kabla ya kukatika. Muuzaji asiye na karatasi hiyo anauza kitambaa cha turubai.

Kuhusu injini, Musoma ina hazina yake. Mafundi wa mashine za mitumbwi pale Mwigobero wanajua kuchanganya petroli na oili, na wanasoma plagi: ya kahawia ni salama, nyeupe inaonyesha injini inaungua kwa joto, nyeusi yenye masizi imeshiba mafuta. Lakini ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku hupunguza nguvu ya injini kwa asilimia 11 hivi. Mtu mzito asiamini tarakimu zilizopimwa pwani ya Italia. Hata mbio za kupaa zitakuwa ndefu kidogo.

Kizimba cha rafadha kisukumwe kwa nguvu zote. Kikipinda hadi kugusa rafadha, au vidole vikipenya, biashara iishie hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipitia ajali 384 za paramota, na viungo vilivyoumia zaidi vilikuwa mikono, mabega na vidole.

Kisha kuna maji, na hapa mnunuzi asione haya kuwa mkali. Alfajiri upepo wa nchi kavu husukuma kutoka mashariki kuelekea ziwani. Injini ikizimika wakati huo, rubani anapelekwa majini. Injini huzama na kumvuta aliyejifunga nayo. Koti la kuokolea la kifuani pekee halitoshi: panahitajika boya linalojijaza lenyewe, lililofungwa kwenye fremu, na vifungo vya mikanda vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Avijaribu dukani, macho yakiwa yamefumbwa.

Ufaransa humtaka rubani wa paramota awe na cheti. Marekani haimdai leseni. Nchini Tanzania, aliye Musoma aanzie Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kwa kuwa uwanja wa ndege uko ndani ya mji, na upande wa Bunda anga linaelekea Hifadhi ya Serengeti. Mwalimu aulizwe mapema ana kibali cha kurukia wapi, na akionyeshe.