Mashapo Yasiyozama: Uhakiki wa Fasili ya Msambao katika Sayansi ya Metali

Fasili ya msambao iliyozoeleka madarasani ni fupi na hukaririka kwa urahisi: mwendo wa chembe kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Kwa harufu ya udi chumbani, au wino ndani ya maji, fasili hiyo yatosha. Makala haya yanaipima kwa kukua kwa mashapo ndani ya metali mango, na hoja yetu ni kwamba hapo humpeleka msomaji kinyume cha ukweli.

Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alibaini kuwa aloi ya alumini yenye shaba takriban asilimia 4 na magnesiamu kidogo, ikipashwa moto kisha ikapozwa ghafla, huzidi kuwa ngumu kwa siku kadhaa ikiwa imewekwa tu. Kwenye nyuzi 548 za Selsiasi alumini huweza kumumunya shaba zaidi ya asilimia 5 ya uzito. Ikipoa, karibu shaba yote hukosa nafasi. Upozaji wa ghafla huinasa humo humo, kisha atomu zake hujikusanya polepole kuwa chembe ndogo mno zinazoizuia metali kunyumbuka. Mwaka 1938 Guinier na Preston, kila mmoja kivyake, walionyesha kwa eksirei dalili za mikusanyiko ya awali kabisa.

Sasa tuirejee fasili. Shapo lililokomaa katika aloi ya alumini na shaba lina shaba zaidi ya nusu ya uzito wake, ilhali alumini inayolizunguka ina shaba kidogo sana. Mwanafunzi anayeishika fasili neno kwa neno atahitimisha kuwa shaba itatoka ndani ya shapo kwenda nje, na shapo lipotee. Kinachotokea ni kinyume chake. Shapo linapochukua atomu zilizo jirani, alumini inayoligusa hupungukiwa na shaba kuliko alumini iliyo mbali, na atomu za mbali husogea kuelekea kwenye upungufu huo. Wingi na uchache unaolinganishwa ni wa ndani ya alumini peke yake. Tena kwa undani zaidi, kinachosukuma mwendo ni tofauti ya nishati. Wingi ni dalili yake tu, nayo dalili huweza kudanganya.

Neno mashapo nalo lina mzigo wake. Msikilizaji huona machujo ya kahawa chini ya kikombe, vitu vilivyozama kwa uzito. Ndani ya mango hakuna kinachozama. Hata hivyo hatupendekezi neno lifutwe. Limeshaenea, na fasili nzuri yaweza kulirekebisha.

Tatizo kubwa zaidi ni kusema ukuaji “unadhibitiwa na msambao”. Kudhibiti ni kazi ya mwenye mamlaka. Maana inayokusudiwa ni kwamba hatua iliyo ya polepole kuliko zote ndiyo inayoamua kasi: shapo lingeweza kupokea atomu upesi, lakini atomu zinachelewa njiani. Clarence Zener alilifafanua hili mwaka 1949: nusu kipenyo cha shapo hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Kulikuza mara mbili huchukua muda mara nne, mara tatu huchukua mara tisa, kwa kuwa eneo lililopungukiwa hupanuka na safari hurefuka.

Washauri wa sera wasilione hili kuwa ubishi wa maneno. Fundi anayepasha moto kipande cha alumini huongoza mambo mawili, joto na muda. Akiamini kuwa kukua kwa mashapo ni kuimarika kwa metali, atakiacha kwenye tanuri kupita kiasi. Makubwa yatakua kwa gharama ya madogo, yatabaki machache yaliyo mbalimbali, na kipande kitalainika.

Tunapendekeza istilahi iwe “ukuaji unaofuata kasi ya msambao”, na kwamba kila fasili ya msambao ijaribiwe kwa mfano mmoja wa mango kabla haijachapwa kwa ajili ya vyuo vya ufundi.